Makaburi Yasiyo na Wenyewe

Novemba ni mwezi wa marehemu wetu. Tangu zamani za Mtakatifu Odilo, abate wa Cluny kule Ufaransa, yapata miaka elfu moja iliyopita, siku ya pili ya mwezi huu imetengwa kwa ajili ya kuwaombea waamini wote waliotutangulia. Tena Mama Kanisa, kuanzia tarehe 1 hata tarehe 8, humjalia rehema kamili kwa ajili ya roho za toharani kila mwamini aingiaye makaburini kwa ibada na kuwaombea wafu, akiyatimiza masharti ya kawaida. Haya twayajua, na makatekista wetu hawachoki kutukumbusha. Lakini mwaka huu twapenda kuwauliza wasomaji wetu wapenzi swali moja dogo: Tukiingia makaburini, twasimama penye kaburi la nani?

Kila jamaa huenda kwa marehemu wake. Baba hushika jembe, mama hubeba maji na maua, watoto huwasha mishumaa. Kaburi la babu hupaliliwa, la shangazi hupakwa chokaa, husaliwa Baba Yetu na Salamu Maria, kisha watu hurudi nyumbani. Ni vyema sana. Lakini katika misioni zetu za zamani, nyuma ya kanisa, kule kwenye miembe mikubwa ambako watu hawapiti ila kwa kufupisha njia, yapo makaburi mengine. Hayo hayana anayeyapalilia. Msalaba umeanguka, nyasi zimefika kifuani, mbuzi wamejifanyia njia. Ukiuliza, utajibiwa kwa neno moja: hayana wenyewe.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike leo.

Mwaka jana tulifika katika parokia moja ya mwambao. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa wahusika wenyewe wametuomba, wasije wakaonekana kwamba watafuta sifa. Hapo pana kikundi cha watu wa kujitolea: akina mama kadha wa kadha, vijana wa kwaya, mwalimu mstaafu mmoja, na fundi mwashi mzee ambaye sasa aona kwa jicho moja tu. Jumamosi moja kila mwezi hukutana asubuhi, husali, kisha hushika kazi. Kazi yao ni kuyatunza makaburi ya zamani ya misioni, pamoja na kanisa dogo la kwanza na nyumba ya kale ya mapadre. Hawana ofisi, hawana gari, hawana mhuri. Wana mapanga, ndoo, brashi laini, na daftari mbili.

Walianza vibaya, na wao wenyewe ndio waliotueleza. Siku ya kwanza vijana, kwa bidii yao, waliona nyasi ni nyingi mno, wakazitia moto. Moto ukafanya kazi ya siku tatu kwa saa moja. Ila ulipasua mawe mawili yenye maandishi, na misalaba ya mbao iliyokuwa imestahimili miaka mingi ikageuka makaa. Kisha wakayasugua makaburi yaliyosalia kwa brashi za waya, wakayapaka rangi ya mafuta, nyeupe pe, na yale yenye nyufa wakayafunika kwa simenti. Jioni yake uwanja uling'aa. Padre mgeni aliyepita aliwasifu. Ni yule fundi mzee, alipokuja Jumapili baada ya Misa, aliyekaa juu ya jiwe, akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Wanangu, na majina yako wapi?" Majina yalikuwa yamekwisha kuzikwa chini ya simenti.

Tangu siku ile mzee huyo ndiye mwalimu wao. Kwanza aliwafundisha kwamba jiwe la kaburi huoshwa kwa maji matupu na brashi laini, kutoka chini kwenda juu, pasipo sabuni kali wala dawa ya choo. Na kwamba kabla ya kuligusa, sharti maandishi yake yaandikwe daftarini kama yalivyo, hata yakiwa na makosa. Mwalimu mstaafu akaongeza ujuzi wake: picha ya simu ipigwe asubuhi mapema au jioni, jua likiwa pembeni, maana ndipo herufi zilizofutika hujitokeza kwa vivuli vyake. Mti uliomea kaburini using'olewe, kwa sababu mizizi hutoka na mawe yote. Hukatwa, na kisiki huachwa kife polepole.

Lakini somo kubwa lilikuwa la chokaa. Pengine wasomaji wetu wa bara watatuvumilia kidogo hapa, ingawa nao wana makanisa ya udongo na ya matofali ya kuchoma yanayopatwa na balaa lile lile. Ukuta wa zamani wa mwambao ni mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na mchanga. Unyevu wa ardhi hupanda ndani ya ukuta kama mafuta yapandavyo katika utambi, kisha hutokea nje kupitia chokaa laini, jua likaukausha. Mzee asema, nyumba ya mawe hupumua. Mtu akija na simenti, akaupiga ukuta huo lipu ngumu ili upate nguvu, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chumvi. Chumvi hula jiwe, boriti huoza vichwani, na baada ya masika machache lipu hubanduka mapande mapande, ikiondoka na ngozi ya ukuta. Ndipo watu husema: Angalieni, jengo hili limechakaa, afadhali libomolewe. Kumbe tumeliua sisi kwa kulihurumia. Chokaa ya kale, iliyochomwa tanurini, ikazimwa kwa maji na kuachwa shimoni miezi mingi, yataka saburi. Nayo saburi haiuzwi dukani.

Sasa turudi kwenye makaburi, maana huko ndiko kikundi hiki kilikokuta jambo lililotugusa kuliko yote.

Walipomaliza kuyaandika mawe yote yenye majina, waliona kwamba karibu yote ni ya wamisionari: padre, bruda, sista, padre tena. Hesabu yao, vidole vya mikono miwili vyatosha. Mwalimu akamwendea paroko, akaomba ruhusa ya kukisoma kitabu cha marehemu. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1182, yaagiza kila mazishi yaandikwe katika kitabu hicho, na desturi hiyo ni ya kale. Kitabu kikafunguliwa. Katika miaka ile ile ya wale wenye mawe, majina ya Waafrika yalifuatana kurasa kwa kurasa: katekista, seremala, mpishi, mama aliyefariki kwa uzazi, wazee waliobatizwa wakiwa mahututi, na watoto, watoto wengi. Baadhi yao wana jina la ubatizo tu. Mahali pa jina la baba, padre alipiga mstari.

Wote hao wamo katika uwanja ule. Hawana hata kokoto.

Hatusemi hivi ili kuwalaumu wamisionari wa kwanza. Waliwazika watu wao kwa sala zile zile na maji yale yale ya baraka, nao wenyewe walilala kando yao. Jiwe lilitoka kwa wenzao wa shirika au kwa ndugu zao Ulaya. Msalaba wa mti ulitoka kwa jamaa maskini, na mchwa hawakuulizi wewe ni nani. Baadaye jamaa walihama, wazee wakafa, njia ikapitishwa. Hivyo ndivyo ilivyotokea, bila mtu kukusudia, kwamba uwanja mzima wa watu umesalia na kumbukumbu ya wachache. Mtoto wa shule akipita leo asoma majina ya kigeni peke yake, akadhani kwamba Kanisa hili lilijengwa na wageni, na babu zake walikuwa watazamaji.

Twaaliken wasomaji wafikiri juu ya Bagamoyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefika Unguja mwaka 1863, walivuka bahari na kuanza misioni ya Bagamoyo mwaka 1868 wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Walileta watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, na hapo pakawa na kijiji cha waliokombolewa, wakati soko la watumwa la Unguja bado li wazi. Halikufungwa hata mwaka 1873. Mwaka 1869 kipindupindu kilipita. Mwaka 1872 tufani ikayavunja majengo. Makaburi ya wamisionari yapo hata leo, yamepangwa kwa safu, na ayasomaye hushangaa: wengi hawakufika umri wa miaka arobaini, na baadhi walikuwa hawajatimiza thelathini. Homa iliwamaliza. Tunawaheshimu, na yatupasa kuwaombea.

Lakini mtumwa aliyekombolewa alikuwa na hali ya peke yake. Mtu mwingine akifa ana ukoo wa kumlilia, ana mjomba wa kushika jembe, ana mjukuu wa kuitwa kwa jina lake. Yeye alinyakuliwa utotoni kutoka nchi ambayo pengine hata jina lake alilisahau. Lugha ya mama yake alizungumza na nani? Ukoo wake ulikuwa ni Kanisa. Alipokufa, waliobeba jeneza lake walikuwa Wakristu wenzake. Basi kusema leo kwamba kaburi la mtu wa namna hiyo halina wenyewe, ni kumnyang'anya mara ya pili. Wenyewe ni sisi.

Tena tusisahau ni katika mji huo huo, mwezi Februari mwaka 1874, ulipoletwa mwili wa David Livingstone, na kulazwa katika kanisa la misioni kabla ya kuvushwa Unguja. Waafrika ndio walioubeba kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia, kwa miezi mingi ya miguu: Susi, na Chuma, na wenzao wengi. Maiti haikuwa ya ukoo wao. Ulimwengu wote wajua kaburi la aliyebebwa, kule Westminster mjini London. Je, wachukuzi, wengi wao walizikwa wapi, na nani awawekea mshumaa?

Maandiko Matakatifu yanatoa mifano mikubwa katika jambo hili. Abrahamu, mgeni katika nchi ya wana wa Hethi, hakukubali kupewa bure mahali pa kumzika Sara. Alilipa shekeli mia nne za fedha, bei kamili, mbele ya mashahidi langoni mwa mji, ili pango la Makpela lisije likawa na ubishi. Yule mcha Mungu Tobiti aliondoka mezani, chakula hakijaguswa, akaenda kuichukua maiti ya mtu aliyenyongwa na kutupwa sokoni, na majirani wakamcheka. Katika matendo saba ya huruma ya kimwili, sita ya kwanza twayapata katika maneno ya Bwana wetu juu ya hukumu ya mwisho. La saba, kuzika wafu, Kanisa lililiongeza likimtazama Tobiti. Na kuzika si kufukia tu. Anayelilinda kaburi lisigeuke njia ya mbuzi aendeleza mazishi yale yale.

Kuna watakaosema: Walio hai wana njaa, nanyi mwatuambia habari za mawe. Neno hili si la kipumbavu, nasi hatutalipita kwa haraka. Mtoto asiye na daftari hutangulia jiwe lisilo na herufi. Hilo halina mjadala. Lakini tukumbuke pia kwamba aliyepinga manukato ya Bethania alitaja maskini, na Bwana akamtetea yule mwanamke, kwa kuwa alikuwa akiuandaa mwili wake kwa maziko. Kikundi tunachokisema hakijagusa fedha za maskini. Chokaa walichoma wenyewe. Wale akina mama ndio hao hao wapelekao uji kwa wagonjwa siku ya Jumatano. Sisi tumeona mara nyingi kwamba mtu mwenye moyo kwa wafu hakosi moyo kwa walio hai, na mwenye kisingizio hapa huwa nacho hata kule.

Limebaki jambo la kanisa dogo, ambalo limeleta maneno makali katika parokia ile, na si katika hiyo tu. Kanisa la kwanza lachukua watu mia moja na hamsini wakibanana. Siku ya Jumapili wengi husikiliza Misa chini ya mti. Halmashauri ya parokia ilikusudia kulibomoa na kujenga kubwa mahali pale pale, na uwanja wa magari ufike hata kwenye miembe. Michango ilikuwa imeanza. Mzee mmoja wa halmashauri, mtu mwema, alituambia kwa uchungu: "Ninyi wa gazeti mtaondoka, sisi ndio tutakaonyeshewa mvua." Ana haki. Watu wanaomwabudu Mungu wastahili paa.

Nasi twakiri kosa letu. Magazeti ya Kanisa, hili letu likiwamo, yamezoea kusifu kila kanisa jipya kwa picha kubwa, bila kuuliza neno juu ya lile lililoondolewa ili lipatikane. Huko Uingereza, mwaka 1957, mtu mmoja aitwaye Ivor Bulmer-Thomas alikusanya wenzake, wakaunda chama cha marafiki wa makanisa yasiyo na marafiki. Leo chama hicho kinatunza makanisa zaidi ya sitini, mengi yakiwa yalijengwa kabla ya mfarakano wa karne ya 16. Kule makanisa huanguka kwa kukosa watu. Kwetu, kwa neema ya Mungu, huanguka kwa wingi wa watu. Ni msiba wa baraka, lakini ukuta uliobomolewa haujui tofauti.

Njia ya kati ipo, na wazee wetu waliipita. Bagamoyo kanisa la kwanza lilipozidiwa, kubwa zaidi lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914. Na mnara wa lile la zamani la mwaka 1872 wasimama hata leo. Walijenga pengine. Sheria ya Kanisa nayo haikuacha jambo hili kwa matakwa ya mtu mmoja: kanuni ya 1222 yataka Askofu awasikilize kwanza mapadre wa baraza lake kabla ya kuliondolea kanisa hadhi ya ibada kwa sababu nzito, na wale wenye haki juu yake wakubali. Serikali pia inayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Lakini Askofu yuko mbali, na serikali haiwezi kuweka mlinzi penye kila msalaba. Tingatinga hufika Jumatatu asubuhi. Sheria husomwa Jumatano.

Katika parokia ile maneno yalitulia kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwalimu mstaafu aliomba nafasi katika kikao cha halmashauri. Hakuhutubia. Alisoma majina kutoka kitabu cha marehemu, ya watu waliozikwa mahali palipokusudiwa kuegeshwa magari. Alipofika jina la kumi na kitu, mjumbe mmoja alimwomba arudie. Lilikuwa jina la mzaa bibi yake, katekista, ambaye jamaa walidhani alizikwa kijijini kwao. Kikao kiliahirishwa. Sasa watu wanatafuta kiwanja ng'ambo ya barabara. Bei yake ni kubwa, na hatujui kama wataiweza. Mzee yule aliyetukaripia ndiye aliyechaguliwa kukusanya michango, na bado ananung'unika.

Twawaomba basi wasomaji wetu, katika nyumba zenu na katika jumuiya ndogo ndogo, mwezi huu usipite hivi hivi. Mwenye bibi au babu anayekumbuka nani alizikwa wapi, amkalishe chini na kuandika, maana kitabu hiki cha kichwani hakina nakala. Walimu wa shule wawapeleke watoto, na kila mtoto apewe jina moja la kuliombea. Maparoko wetu waheshimiwa, vitabu vya marehemu viondolewe sakafuni na mbali na mchwa, vikapigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Wenye kwenda kusafisha wasichukue kiberiti. Na yeyote mwenye ujuzi wa kuchoma chokaa ya zamani, popote alipo, amjulishe paroko wake. Yule fundi wa jicho moja anatafuta mtu wa kumrithisha, na masika yakianza hataweza kupanda ngazi.